Vyombo vya Watumwa Havikupita Baharini Tu

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, ukimwuliza mtoto wa shule hapa Musoma biashara ya watumwa ilifanyika wapi, atakujibu bila kusita: Unguja, Bagamoyo na Kilwa. Ukimwuliza watumwa walivushwa kwa chombo gani, atakuambia kwa majahazi, katika Bahari ya Hindi. Majibu hayo ni sahihi na mwalimu atampa alama zake zote. Lakini mtoto huyo huyo akitoka shuleni huteremka hadi Mwigobero kutazama mitumbwi ikipakua dagaa, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba maji yale yaliyo mbele yake nayo yalibeba watumwa. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze juma hili.

Nitaanzia mbali kidogo, kisha turudi nyumbani.

Mwezi Aprili mwaka 1794 meli moja ya Kireno, jina lake São José Paquete d'Africa, iling'oa nanga Lisbon ikazunguka Rasi hadi Kisiwa cha Msumbiji. Hapo ilipakia watu zaidi ya 400, na tarehe 3 Desemba ikaanza safari ya kuwapeleka Brazili. Siku 24 baadaye, usiku, upepo uliisukuma kwenye miamba karibu na mji wa Cape Town, ikapasuka. Nahodha na mabaharia wake waliokoka. Karibu nusu ya watumwa nao waliokolewa. Waliobaki, watu 212, walikufa maji. Na wale waliookolewa, siku chache tu baada ya kutolewa majini, waliuzwa pale pale Rasi.

Tumeijuaje habari hiyo? Si kwa sababu kuna aliyetaka kuwakumbuka wale waliokufa. Nahodha alitoa maelezo yake mbele ya wakuu wa Rasi ili aeleze hasara iliyompata, na karatasi zile zikahifadhiwa. Hesabu ya maiti ilifahamika kwa kuwa maiti walikuwa mali ya mtu.

Mabaki ya meli hiyo yaligunduliwa na watafuta hazina katika miaka ya 1980. Wao walidhani ni meli ya Kiholanzi, wakaendelea na shughuli zao. Ni baadaye sana ndipo wanaakiolojia wa makumbusho ya Afrika Kusini, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walipoyasoma maelezo yale ya nahodha, wakapiga mbizi na kulinganisha maandishi na vilivyomo majini. Mwaka 2015 wakaitangazia dunia kwamba hiyo ndiyo São José. Na jambo lililowasaidia sana kuitambua ni vipande vya chuma.

Mabaharia wa pwani wana neno lao: farumi. Ni uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisipinduke. Meli inayopakia nafaka au pembe huwa nzito yenyewe. Lakini watu ni wepesi kuliko makasha, tena hujongea, huumwa, hukonda, wengine hufa njiani na kutupwa baharini, na kwa hiyo uzito wa meli hubadilika kila siku. Ndiyo maana mwenye meli ya watumwa alitandaza vyuma chini ili kufidia wepesi wa binadamu. São José iliondoka Lisbon na vipande kama 1,400 vya aina hiyo. Wapiga mbizi walipovikuta vyuma vile mchangani hawakuhitaji kukuta mifupa. Farumi ile ilikuwa ushahidi wa kutosha kwamba shehena ya meli ilikuwa watu.

Mwaka huo huo wa 2015, mwezi Juni, lilifanyika jambo ambalo mimi nililipenda kuliko ugunduzi wenyewe. Mzee wa Kimakua huko Msumbiji alitoa udongo wa nyumbani, ukasafirishwa hadi Cape Town, na wapiga mbizi wakaumimina majini pale meli ilipozama. Wamakua tunao hapa nchini, Masasi na kwingineko mkoani Mtwara. Watu wale walikuwa wamekaa chini ya maji miaka 220 bila hata konzi ya udongo wa kwao.

Ndugu msikilizaji, huku kwetu Afrika ya Mashariki visa vya namna hiyo si vichache. Mwaka 1761 meli ya Kifaransa, L'Utile, ilipasuka kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Tromelin, mashariki ya Madagaska. Ilikuwa imebeba Wamalagasi kwa magendo. Mabaharia waliunda mashua kutokana na mabaki ya meli, wakaondoka, wakawaacha watumwa kwa ahadi kwamba watarudi kuwachukua. Miaka 15 ilipita. Mwaka 1776 meli nyingine ilipofika, ilikuta wanawake saba na mtoto mchanga mmoja. Wanaakiolojia waliochimba kisiwani hapo tangu mwaka 2006 walikuta kuta za nyumba walizojijengea wale walioachwa, na sufuria za shaba zilizotobolewa na moto, zikazibwa kwa viraka, zikatoboka tena na kuzibwa tena. Viraka vile vinasema mengi kuliko hotuba. Mtu anayeziba sufuria mara ya nane anajua hakuna anayekuja kumletea nyingine, lakini hajakubali kufa.

Mwaka huo huo wa 1776 Mfaransa mmoja kwa jina Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Naomba tuyaweke mambo hayo mawili pamoja. Wale saba wanaokolewa, na Kilwa inatiwa sahihi kwa ajili ya maelfu.

Kuhusu majahazi yaliyowapeleka watumwa Unguja, Pemba na Uarabuni, ushahidi wa chini ya bahari ni mgumu zaidi kuupata. Jahazi halikuwa na vyuma vingi, na mbao zake katika maji ya chumvi huliwa upesi na wadudu wa baharini. Tena manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwawinda wafanyabiashara hao, zilipokamata jahazi lenye watumwa, aghalabu zililichoma moto. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja mwezi Juni mwaka 1873, na manowari iitwayo London ikawekwa Unguja kuanzia mwaka 1874 hadi 1883 kusaka magendo. Hata hivyo biashara haikufa siku moja. Mwezi Desemba mwaka 1881 nahodha wa manowari hiyo, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba na watu wa jahazi la watumwa lililokuwa likipeperusha bendera ya Kifaransa.

Sasa turudi nyumbani, ziwani kwetu.

Katika karne ya 19 Buganda ilikuwa na kundi kubwa la mitumbwi kuliko taifa lolote la ziwa hili. Haikuwa mitumbwi ya kuchimbwa kwenye gogo moja. Ilikuwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa, na Stanley alipima mmoja uliozidi futi 70 kwa urefu. Mitumbwi hiyo ilikwenda vitani, na pia ilibeba pembe za ndovu na mateka kutoka kaskazini hadi pwani ya kusini ya ziwa, ambako wafanyabiashara kutoka pwani ya bahari walikuwa wakingojea na nguo, shanga na bunduki. Kutoka hapo msafara ulitembea kwa miguu hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Kwa hiyo mateka mmoja aliweza kupanda chombo mara mbili: mara ya kwanza ziwani, mara ya pili baharini. Vitabu vingi vya shule vinamwona pale anapopanda mara ya pili tu.

Mwezi Machi mwaka 1875 Stanley alianzia Kageyi, kando ya Ghuba ya Speke, akalizunguka ziwa kwa mashua. Alipita pwani hii ya Bunda, Majita na Musoma ya leo. Huko Kageyi alimkuta mfanyabiashara mmoja wa pwani aliyeitwa Songoro, na Songoro huyo alikuwa na jahazi likiundwa kisiwani Ukerewe. Naam, jahazi la tanga, katika ziwa letu.

Miaka miwili baadaye wakaja wamisionari Waingereza waliokuwa wakielekea Buganda. Hao walikuwa maadui wa biashara ya watumwa, lakini walihitaji chombo cha kuvukia, nao wakalinunua jahazi la Songoro. Mwezi Desemba mwaka 1877 ukazuka ugomvi kati ya Songoro na mtemi Lukonge wa Ukerewe. Songoro akakimbilia kwa wamisionari, nao wakakataa kumtoa. Wakauawa Songoro na wamisionari wawili, Smith na O'Neill, pamoja na watu wengi waliokuwa nao. Katika vitabu vya Ulaya kisa hicho huelezwa kama kifo cha wamisionari wawili. Mimi nawaombeni mkitazame kama habari ya jahazi: lilibuniwa na mwuza watu, likaundwa katika nchi ya mtemi aliyekuwa na biashara zake mwenyewe, likanunuliwa na wahubiri waliokuja kuipinga biashara hiyo. Kila mtu alikuwa na mkono wake pale. Asiyekuwa na sauti ni yule ambaye angepakiwa.

Na sisi wa mkoa huu je? Kuanzia miaka ya 1880 na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1890 nchi hii ilipigwa mapigo mfululizo. Ugonjwa wa sotoka uliwamaliza ng'ombe, magonjwa yakawashika watu, mvua zikakosa. Wazee wa Ikizu, Nata, Ikoma na Ngoreme wamesimulia, na watafiti wameandika, kwamba watu wa upande huu walikwenda Usukumani kutafuta chakula, na kwamba wapo waliotoa watoto wao wakapewa nafaka. Hakuna mzazi aliyefanya hivyo kwa kupenda. Alitoa mtoto mmoja ili wanne waishi, na yule mmoja naye apate pa kula. Baadhi ya watoto hao walikuwa watu wa kwao wapya kabisa, wakaoa na kuolewa, wakasahau lugha ya mama zao. Wengine waliuzwa mara ya pili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Kisorya, wilayani Bunda, nikingoja kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa kisiwani aliyekuwa akirudi kwake. Tulizungumza habari za bei ya samaki, kisha za ziwa, kisha za zamani. Akaniambia, "Mwanangu, bibi yangu mzaa baba alivushwa hapa kwa mtumbwi akiwa msichana mdogo. Alilipiwa mtama. Jina aliloitwa kwao hakuna anayelijua." Akanyosha mkono kuelekea milima ya Bunda. "Kule nina ndugu. Kila nikivuka huku nawasalimu watu kwa adabu sana, maana sijui yupi kati yao ni shangazi yangu."

Nilimwuliza kama ningeweza kuisimulia habari hiyo. Akafikiri, akasema, "Simulia, lakini usitaje ukoo. Kuna mjukuu wangu anachumbiwa."

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Lakini kwetu hapa mtendewa naye amelazimika kujifanya amesahau, kwa sababu kukumbuka kunamwaibisha. Ukoo ulionunua hausemi, kwa kuwa utaonekana katili. Ukoo uliouza hausemi, kwa kuwa utaonekana uliwatupa watoto wake. Na wajukuu wa aliyenunuliwa hawasemi, kwa sababu siku ya ugomvi, kilabuni au barazani, yupo atakayewatupia neno hilo usoni. Matokeo yake ni kwamba aibu ya wauzaji inabebwa na wajukuu wa waliouzwa. Hiyo si haki, na haikuwa haki hata siku moja.

Wapo watakaoniambia naamsha vidonda vilivyopona. Nami nawauliza: kidonda kilichopona ndicho kinachomfanya babu afiche ukoo ili mjukuu aolewe?

Tazameni wenzetu walivyofanya. Mwaka 1860 meli iitwayo Clotilda iliingiza kwa magendo watu 110 katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama, Marekani, wakati uingizaji wa watumwa ulikuwa umepigwa marufuku kwa zaidi ya miaka 50. Mwenye meli aliichoma moto na kuizamisha mtoni ili kuficha ushahidi. Waliokuja nayo, baada ya kupata uhuru, walijenga kijiji chao, kikaitwa Africatown, wakawasimulia watoto, watoto wakawasimulia wajukuu. Wapo waliosema ni hadithi za kutungwa. Mwaka 2019 mabaki ya Clotilda yalithibitishwa, yakiwa ndani ya tope la mto, sehemu kubwa ya bodi ikiwa bado ipo. Angalieni mpangilio wa mambo: masimulizi ya wazee yalitangulia, wapiga mbizi wakafuata. Familia zingenyamaza, nani angejua cha kutafuta?

Ziwa letu lina jambo moja ambalo bahari haina. Wale wadudu wanaokula mbao za majahazi hawaishi katika maji yasiyo na chumvi. Mti ukifukiwa na tope la maji baridi, hewa isiufikie, unaweza kudumu muda mrefu ajabu. Huko Nigeria, mwaka 1987, mchungaji aliyekuwa akichimba kisima katika kijiji cha Dufuna alikutana na mtumbwi ambao wataalamu waliupima wakasema una umri wa miaka kama 8,000. Aliyeukuta hakuwa profesa. Alikuwa mtu anayetafuta maji ya ng'ombe wake.

Kwa hiyo nina maneno machache kwa wavuvi wa Majita, Lukuba, Guta, Kibara na Kisorya. Nyinyi mnalijua tope la ziwa hili kuliko mtu yeyote. Wavu ukinasa mbao za kale zenye matundu ya kushonea, au pingu, au nanga ya namna msiyoizoea, au shanga nyingi mahali pamoja, msikate, msichome, wala msimpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu. Wekeni alama mahali penyewe na mtoe habari kwa serikali ya kijiji na kwa idara inayoshughulikia mambo ya kale. Kitu kikitolewa majini bila utaalamu, mbao hukauka na kupasuka katika siku chache, na ushahidi uliosubiri zaidi ya miaka 100 huishia jikoni.

Na kwa watunga sheria ninalo neno pia. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeufanya mwaka 1863 kuwa mpaka. Kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka huo kina ulinzi ulio wazi. Kilichokuja baadaye kinategemea kuangukia mafungu mengine ya sheria, au kutangazwa. Jahazi la Songoro lilikuwa likiundwa mwaka 1875. Njaa iliyowavusha watoto wa Bunda ilikuja baada ya mwaka 1880. Yaani karibu kila kitu cha historia hii ya utumwa ziwani kiko upande wa pili wa mpaka huo. Si jambo gumu kurekebisha, ila lazima kwanza pawepo wanaoona umuhimu wake.

Lakini kazi iliyo karibu zaidi haihitaji wapiga mbizi wala sheria. Ni kuwasikiliza wazee wakingali wapo. Walimu wa historia wa Musoma, Bunda na Butiama wawatume wanafunzi nyumbani na maswali: nani katika ukoo wetu aliletwa akiwa mtoto? Alitoka upande gani wa maji? Aliitwaje kabla ya kupewa jina jipya? Na atakayeomba ukoo wake usitajwe, aheshimiwe kama nilivyomheshimu mzee wa Kisorya.

Sisi watu wa ziwa tunajua maana ya kumpoteza mtu majini. Tarehe 21 Mei 1996 ilipozama MV Bukoba, moja ya machungu yetu ilikuwa kwamba hata orodha kamili ya abiria haikuwapo. Hata hivyo waliopatikana walizikwa, wengi wao pale Igoma, Mwanza, na nchi nzima ikakaa matanga. Septemba 2018 ilipozama MV Nyerere karibu na Ukara, tuliwahesabu tukapata 228, tukalia tena. Tunaona ni wajibu kumjua aliyekufa maji. Wajibu huo haupungui kwa sababu aliyezama alikuwa na kamba shingoni.

Na watu wa Butiama wana sababu yao ya pekee ya kulishika jambo hili. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa rasmi kwa sheria ya mwaka 1922. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, alizaliwa Butiama mtoto wa mtemi Nyerere Burito, ambaye leo amelala pale Mwitongo. Alikuja kutufundisha kwamba binadamu wote ni ndugu zake, na Afrika ni moja. Maneno hayo tumeyakariri tangu tukiwa na kaptula. Kuyaishi ni kumwambia yule mzee wa kivukoni kwamba hana haja ya kuficha kitu, kwamba bibi yake alikuwa binti wa watu, na kwamba upande huu wa maji wapo wanaomngoja aseme alitoka mlango gani.

Methali yetu inasema mwacha asili ni mtumwa. Basi na anayemkumbuka aliyenyang'anywa asili yake amemfungulia, japo kwa kuchelewa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.